Bwana Afya na Kivuli cha Mama Chapati

Kabla ya kupogoa mzabibu wake, Bwana Afya alichemsha mkasi. Aliutia kwenye sufuria ndogo ya mkewe, ile ya kuchemshia mayai, akasimama pembeni mikono nyuma akiangalia maji yanavyotokota, kama mtu ambaye bado yuko kazini. Mkewe akimuuliza kama sufuria nyingine zimekwisha duniani, alimjibu, "Mama, mti nao una damu." Akimaliza aliisugua sufuria kwa majivu yeye mwenyewe, na mayai ya wateja yakachemshwa humo humo. Hilo nimeliona kwa macho yangu, ndiyo maana nimeanza nalo. Mengine nitajitahidi kutenganisha niliyoyaona na niliyosimuliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kwa kawaida naandika mambo ya siku tu: nani kaleta kitambaa, umeme ulikatika saa ngapi, mvua imenyesha au imetudanganya. Kumwandika mtu mzima sijawahi. Naogopa nitamshona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Lakini fremu yangu pale Kibaha ilitazamana na uwanja wao kwa miaka mingi, na kama nisipomwandika mimi sijui nani atamwandika.

Bwana Afya hakuwa jina lake. Alikuwa afisa wa afya kabla hajastaafu, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuangalia choo na shimo la taka. Alistaafu mshahara, kazi hakuistaafu. Alikuwa anaingia fremuni kwangu na salamu ya kwao Dodoma, "Mbukwenyi!", anasalimia kama tuko watu kumi na mimi niko peke yangu na cherehani. Nikisema, "Shikamoo, Bwana Afya," anaitikia marahaba huku macho yameshafika kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa.

"Fundi, ndoo ina mfuniko."

"Ndiyo, mzee."

"Na kikombe kiko wapi?"

Kikombe kiko chini, kando ya kiatu.

"Basi ondoa na huo mfuniko, tujue moja."

Alikuwa hivyo kwa kila mtu. Alimwaga maji yaliyotuama kwenye matairi ya fundi baiskeli bila kuomba ruhusa, kwa sababu ya mbu. Alifunua sufuria za watu. Vijana wa bodaboda walipomwona anakuja walificha vidole, maana alikuwa anakagua kucha. Kuna waliomchukia, na siwezi kusema walikosea moja kwa moja. Hakuna anayependa kufunuliwa sufuria yake mbele ya wageni. Lakini mwaka ule mtaa wa pili walipougua matumbo karibu nyumba zote, kwetu watu waliendelea na shughuli zao. Huenda ilikuwa yeye, huenda ilikuwa bahati. Sijui.

Na mtu huyo huyo, zabibu zake zilipokuja kuiva, alikuwa anazila bila kuziosha. Anachuma tembe moja kwenye kishada, anaifutia shatini, mdomoni, mbegu anaitema hadi ukutani. Nilimuuliza siku moja.

"Bwana Afya, na usafi?"

"Zabibu ikioshwa inapoteza ule unga wake wa juu, fundi. Ule unga ndio utamu."

Sijapata mtu wa kunithibitishia hilo.

Sasa niseme habari ya mzabibu wenyewe, kwa sababu ukimtoa yeye kwenye mzabibu unabaki na mfuniko na kikombe tu. Kwao ni Dodoma, kwa watu wanaolima zabibu kama sisi tunavyolima mihogo. Alipojenga Kibaha alikuja na kipande cha tawi kwenye basi, amekifunga kitambaa kibichi, amekipakata kama mtoto. Kaka yake mkubwa, mkulima wa zabibu mpaka leo, alimcheka hadharani siku ya kuondoka. Alimwambia, "Pwani utavuna majani." Maneno hayo mawili matatu Bwana Afya aliyabeba pamoja na lile tawi. Nimemsikia akiyarudia akiwa na furaha, akiwa na hasira, na mara moja akiwa anasinzia kwenye benchi. Alichotaka ni kitu kimoja: kaka yake ale zabibu zilizozaliwa Kibaha, na akiri.

Shida ni kwamba majani yenyewe yalikuwa na mwenyewe. Mkewe, mtu wa Marui kule Kisarawe, alikuwa anauza chapati na maharage uani, na sisi sote tulimwita Mama Chapati. Mzabibu ulipotambaa juu ya kichanja cha miti na waya, ulifanya kivuli kizito, baridi, na Mama Chapati akahamishia jiko na mabenchi chini yake. Madereva wa malori, walimu, watu wa ofisi za mkoa, wote walikuja kwa ajili ya kile kivuli. Chapati zake zilikuwa nzuri, simpunguzii, lakini chapati nzuri zilikuwapo hata kwa jirani. Kivuli hakikuwapo.

Kwa hiyo mume anataka matunda na mke anataka majani, na mti ni mmoja.

Mtu ambaye hajaona kupogoa anaweza kudhani ni kupunguza vijitawi kama tunavyofanya kwenye ua. Sivyo. Kwa jinsi ya kwao, kila tawi la msimu uliopita linakatwa, linabaki kisiki kifupi chenye macho mawili. Jicho ni kile kinundu kwenye pingili; humo linatoka tawi jipya, na kishada kinakuja kwenye tawi jipya, si kwenye mti mkongwe. Ukibakiza macho mengi, anasema, matawi yanakuwa mengi na mti unagawa chakula kidogo kidogo, kila moja linabaki na njaa. Ukibakiza machache, kila tawi linashiba. Alikuwa anaeleza hivyo akiwa juu ya ngazi, majani yanamwagika kwenye mabenchi, na mwisho wa kazi kichanja kinabaki waya tupu na vijiti, anga lote liko wazi juu ya jiko la mkewe.

"Mama Chapati," dereva mmoja alisema siku kama hiyo, sahani mkononi, "leo umetuanika kama dagaa."

"Mwambie huyo aliye juu ya ngazi. Mimi hapa napika tu."

"Bwana Afya, shuka utupe hata tawi moja la kujifunika!"

"Kula uondoke," akajibu huko juu. "Kivuli kinawafanya mkae sana."

Mama Chapati alicheka na wengine, lakini wiki hizo mabenchi yalibaki wazi mchana, na aliyekuwa anakaa alikuwa anahamahama na kivuli cha ukuta. Nilimwona akikunja kanga kichwani akigeuza chapati juani, jasho linamtiririka.

Kuna mwaka mkasi wa Bwana Afya ulivunjika skrubu akaja kwangu kuazima. Mkasi wa kitambaa! Kila mshonaji anajua hata karatasi haukati. Nikamkatalia. Akakaa kwenye kiti cha wateja akaniangalia tu mpaka nikamwona ni mzee na nikampa ule wa zamani. Aliurudisha jioni umechemshwa, umenolewa, umepakwa mafuta ya cherehani. Tangu hapo ulikata kitambaa vizuri kuliko ule mpya. Nilikasirika na nilishukuru siku moja, sikujua kipi kitangulie.

Na salfa. Mkorosho ukishikwa na ukungu tunapuliza salfa, huku kwetu kila mwenye mikorosho anaijua. Bwana Afya akaona kama inafaa mkorosho itafaa mzabibu. Hilo halikuwa kosa, hata kaka yake alisema wao hutumia. Kosa ni kwamba alipuliza asubuhi watu wanakunywa chai. Unga wa njano ukashuka juu ya vikombe, juu ya vichwa, juu ya donge la unga wa chapati. Yeye, aliyetufundisha kufunika! Mama Chapati alichukua donge zima akalibeba mpaka kwenye shimo la taka alilolichimba mume wake mwenyewe kwa vipimo vya serikali, akalitupa, akarudi, akasema, "Afisa, naomba uandike ripoti." Nilicheka hadi nikakosa mshono. Bwana Afya alienda dukani akanunua unga mwingine akaukanda yeye. Chapati za siku hiyo zilikuwa ngumu kama soli. Wateja walizila, wakamsifu kwa sababu mkewe alikuwa amesimama hapo na mwiko.

Pamoja na yote hayo, miaka ilipita na zabibu hazikuja. Maua yalitoka, yakawa meusi, yakaanguka. Kishada kimoja kimoja kilichopona kilipasuka kabla ya kuiva. Bwana Afya alilaumu udongo, akalaumu popo, akalaumu maji ya bomba ambayo kwetu siku nyingine yanakuja na siku nyingine yanapita tu kwenda Dar. Akakata fupi zaidi. Mti ukawa unazidi kukatwa na Mama Chapati anazidi kukaa juani.

Kosa lilikuwa mahali ambapo wote tulikuwa tunapaangalia. Kila mwaka kaka yake alipiga simu kutoka Dodoma: "Mvua zimekata huku, tumeshika mikasi." Na Bwana Afya siku hiyo hiyo alichemsha mkasi. Alikuwa amekaa Kibaha nusu ya maisha yake, amezika watu Kibaha, lakini mzabibu wake ulipogolewa kwa saa ya Dodoma. Huko mvua zinaaga, huku masika ndiyo kwanza yanapiga mabati. Maua yanatoka katikati ya mvua, yanaoza. Mtu wa Kibaha asingefanya kosa hilo, kwa sababu asingempigia mtu wa Dodoma.

Aliyeliona ni Mama Chapati, na nataka nilisimulie kama lilivyokuwa, maana baadaye lilisimuliwa vingine. Simu ilikuja, mzee akanyanyuka kutafuta sufuria. Mvua ilikuwa inanyesha nje vile vile, mimi nimejibanza kwao kwa sababu fremu yangu ilikuwa inavuja.

"Leo hukati," Mama Chapati akasema.

"Wenzangu wameanza."

"Wenzako wako wapi?"

"Dodoma."

"Na huo mti uko wapi?"

Mzee akaipata sufuria, akaishika.

"Subiri Juni," mkewe akaendelea. "Mvua zitakuwa zimekwisha. Halafu Juni kuna kibaridi, watu wenyewe wanatafuta jua. Kata utakavyo, hakuna atakayelia."

Hakuwa anafikiria maua. Alikuwa anafikiria mabenchi yake, na aliniambia hivyo mwenyewe baadaye huku akicheka. Lakini mzee akaweka sufuria chini. Akakaa. Akaangalia mvua, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nimekuwa nampogolea kaka."

Mwaka ule walisubiri. Kupogoa kwenyewe hawakukubaliana: yeye anataka macho mawili, mkewe anaomba matawi marefu yabaki ili majani yarudi upesi. Wakaniita niamue. Mimi sijui kuamua, ninajua kugawa kitambaa. Nikasema upande wa barabarani ukatwe fupi, upande wa jiko uachwe mrefu, tuone. Hakuna aliyefurahi, nikajua nimegawa sawa.

Nikieleza matokeo nataka nisimpendelee mtu. Upande mrefu ulijaa majani haraka, na vishada vilikuwa vingi, lakini vidogo, tembe zimebanana, na baadhi ya macho ya katikati ya tawi yalilala tu hayakuchipua. Ziliiva taratibu na nyingine zilibaki na ukakasi. Upande mfupi ulibaki mtupu kwa wiki kadhaa, halafu ukatoa vishada vichache, vizito, vyeusi, vitamu hadi nyuki wakaja. Mzee alisimama chini ya upande wake, mkewe chini ya upande wake, kila mmoja ananionyesha ushahidi. Nilikula pande zote mbili.

Sanduku la zabibu likapakiwa kwa majani ya mgomba, likapelekwa stendi, likasafiri kwenda Dodoma kwa kaka. Siku ya pili mzee alikaa na simu mapajani kutoka asubuhi. Ilipoita aliweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Nimezila," kaka yake akasema.

"Ehe?"

"Nzuri."

Bwana Afya akasimama.

"Umezinunua soko gani?" kaka akauliza. "Maana hizi ni zetu. Zimetoka hapa zimekwenda huko, umezirudisha."

Sisi tulipasuka kwa kicheko, hata Mama Chapati. Yeye hakucheka. Alieleza habari ya Juni, akasema "nimegundua", hakusema nani aligundua, na nilimwona Mama Chapati akigeuza uso kidogo. Kaka alisema picha hazitaki, siku hizi picha zinatengenezwa. Ataamini siku atakayochuma kwa mkono wake. Simu ilipokatika, Bwana Afya akatuambia sisi tuliokuwapo, wateja wote, "Habari ya Juni ni ya mama. Mbele ya kaka nimeona aibu." Alilisema kwa sauti ya mkutano. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba aliiba sifa, wala siwezi kuandika kwamba hakuiba.

Kabla kaka hajapata safari, mzee akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakawa yanatoka taratibu. Nyumba ya Kibaha wakapangisha, wakahamia Marui kwa watu wa mkewe, kwenye maisha ya nafuu na ndugu wa kumgeuza kitandani. Mama Chapati alikata tawi la mzabibu, akalifunga kitambaa kibichi, akalipakata safari nzima. Hilo nilisimuliwa, sikuliona.

Nilikwenda kuwaona Juni hii iliyopita. Nilimshonea shati lenye zipu mbele badala ya vifungo, maana kifungo kinataka mikono miwili. Kutoka Maneromango, basi liliponishusha, nilipanda bodaboda, na niliwatambua kwa kichanja kabla sijawaona wenyewe. Mzabibu ulikuwa umeshakuwa mkubwa, majani mapana, na chini yake jiko, benchi mbili, na walimu wa shule ya jirani wanamalizia chai.

"Mbukwenyi," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. Ilimchukua muda, lakini ilitoka nzima.

Mama Chapati alikuwa juu ya ngazi. Sikuamini. Ameshika mkasi kwa mikono miwili, na chini, kando ya jiko, sufuria ya mayai inatoa mvuke. Nusu ya kichanja ilikuwa imeshakuwa waya. Alikuwa anakata fupi, macho mawili, macho mawili, hana huruma.

"Bakiza, mama," mzee akamwomba. "Hapo juu ya jiko bakiza. Huku Juni haina kibaridi cha kutosha. Jua litakuchoma."

"Shemeji anakuja Oktoba. Nimpe kula kivuli?"

"Mwache kaka. Ameshazeeka, atasahau."

"Wewe umesahau?"

Nikashusha begi langu. Mama Chapati alikuwa amefika tawi la mwisho, nene, linalokaa sawasawa juu ya jiko, na mkono wake haukulifikia. Akashuka, akanipa mkasi.

"Fundi, wewe mrefu."

"Fundi," mzee akasema, "umenawa?"

Nikanawa, kwa sabuni, anaangalia. Nikapanda. Kule Kibaha nilikuwa nimegawa katikati, na sasa lilikuwa tawi moja, haligawanyiki. Chini yangu mama ananyoosha kidole kwenye pingili ya pili. Mzee anainua mkono wa kushoto, anaonyesha mbali zaidi, karibu na ncha. Niliwaangalia wote wawili. Nikaona kwamba kila mmoja anaomba cha mwenzake.

Nikakata pale aliponionyesha mama. Mzee akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Tawi likaanguka na majani yake yote, na jua likaingia jikoni. Maji yakaanza kudondoka kwenye kidonda cha mti, tone moja moja.

Alipofumbua macho hakuliangalia jua. Alikiangalia kile kisiki, kama zamani alivyokuwa anaangalia choo kipya.

"Macho mawili," akasema. "Umekata vizuri. Ungebakiza la tatu ningekurudisha."

"Si wewe ulisema tubakize?" mkewe akamgeukia.

"Nilisema," akakubali.

Kisha akaanza kuhangaika kwenye kiti, anaonyesha kamba ya nguo kwa mkono ule mzima, anaonyesha waya, maneno yanachelewa kufika. Nikaelewa. Nikachukua kanga iliyokuwa imeanikwa, nikaitandaza juu ya waya zilizobaki wazi, nikafunga pembe mbili.

"Kushoto," akasema. "Kushoto tena."

Nikaisogeza mpaka kivuli chake kikaangukia kwenye kigoda cha Mama Chapati.

"Hapo. Sasa, mama, kaa upike."